Kadi Ilifia Babati, Mjomba Akafika Kinole kwa Kamba

Kwanza, aliyeeneza darasani kwamba mjomba wangu alikamatwa na polisi Dakawa akiwa na begi la pesa bandia ajitokeze aombe radhi. Mjomba hakukamatwa na polisi. Alitekwa na mama mmoja muuza mchele, mchana kweupe, na mimi mpwa wake wa damu nikasaidia kukaza fundo. Begi alikuwa nalo, ni kweli, lakini ndani mlikuwa na viatu vya harusi na chaja za simu.

Tangu nirudi mnaniuliza mmoja mmoja, na kila nikifika katikati anaingia mwingine anasema, "Mwaju, hebu anza upya." Nimechoka. Naandika mara moja tu, someni mpokezane, na daftari hili likiingia mikononi mwa mwalimu wa zamu mimi simjui aliyeliandika.

Arusha: tunaondoka kifalme

Mjomba Shomari ndiye mdogo wa mwisho wa mama yangu. Anaishi Arusha, anatengeneza video za matangazo kwa kompyuta, wateja wake wako nje ya nchi, na wanamlipa kwa sarafu za mtandaoni, zile ambazo huzishiki wala huzioni, unaambiwa tu kwamba zipo. Alikuwa na kadi nyeusi ya kampuni moja ya huko ng'ambo. Sarafu zinakaa kwenye kampuni, kadi inakaa mfukoni, ukiigusisha kwenye mashine ya dukani sarafu zinageuka shilingi hapo hapo. Mjomba aliipangusa kadi ile kwa kitambaa cha miwani. Noti hakutaka hata kuzigusa.

"Noti ina jasho la watu, Mwaju," aliniambia. "Mimi sibebi jasho la watu."

Nilikuwa kwake kwa likizo, na sasa tulikuwa tunateremka pamoja kwa jambo moja: harusi ya Dada Zuhura, siku ya Ijumaa, kijijini kwa Bibi huko juu Kinole. Nyie mliotoka mikoa mingine niwaeleze. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba anaweza kusimama na shehe, mahari ikawa imetoka, pilau ikaiva, lakini kwenye ukoo wetu mjomba asipoingia chumbani kwa bi harusi akamwambia kwa mdomo wake kwamba ameridhia, hapo hakuna ndoa, kuna watu wamekula pilau. Kwa simu haikubaliki. Ni ana kwa ana.

Na harusi hii ilikuwa imeshavunjika mara moja. Siku ile ya kwanza Mjomba hakutokea, kazi ya wateja wake ilimbana. Watu wa bwana harusi walikunja mikeka yao wakateremka mlima bila kelele, na baadaye mzee wao akatuma neno: tutapanda mara moja nyingine, tukikuta mjomba hayupo tutajua hilo ndilo jibu lenu. Dada Zuhura alilia mpaka akawa anaongea kama mvuta sigara. Mama naye alimpigia Mjomba simu akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya shule.

"Safari hii nakuja na gari, na mwanao, na suti," Mjomba alimjibu. "Na asinitumie mtu hata shilingi. Mimi na kadi yangu tunatosha."

Basi Jumatano asubuhi tukaondoka kwenye kigari chake chekundu, kiyoyozi kikipuliza, suti ikining'inia nyuma kama abiria wa tatu. Kwenye kituo cha mafuta Mjomba alitoa kadi kwa vidole viwili, akaigusisha, mashine ikalia kidogo, akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona, Mjomba."

"Hujaona. Angalia tena." Akanunua na maji.

Babati: kuku aliyetuponza

Babati tuliingia hoteli yenye vitambaa vya meza. Mjomba akaagiza kuku wa kienyeji mzima, ndizi za kukaanga, juisi ya parachichi kwangu na nyingine kwangu tena kwa sababu niliisifia. Nilikula mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Nawaambieni, yule kuku alipikwa na mtu aliyekuwa na amani moyoni.

Dada mhudumu akaleta mashine. Mjomba akagusisha. Dada akaangalia, akamwangalia Mjomba.

"Imekataa, kaka."

"Jaribu tena."

"Imekataa."

"Mashine yenu mbovu."

"Yule baba wa meza ile amelipa nayo sasa hivi," akasema dada, kwa adabu iliyouma kuliko tusi.

Mjomba akaniacha pale niwe rehani, akavuka barabara hadi mashine ya kutolea pesa. Nilimwona dirishani: anaingiza kadi, inatemwa, anaipangusa kwenye shati, anaingiza, inatemwa. Akaenda kituo cha mafuta kilicho jirani, akarudi anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Akakaa, akafungua simu, na ndipo akaukuta ujumbe wa kampuni, wa Kiingereza kirefu chenye upole mwingi.

"Wanasemaje?"

"Huduma ya kadi imesitishwa. Kuanzia leo. Dunia nzima."

"Na hela zako?"

"Wanasema salio liko salama."

"Si ulitoe basi, uliuze kwa mtu akutumie kwenye simu?"

"Nimeomba kulitoa. Wanasema maombi yote yanasubiri ukaguzi, maana kila mtu anatoa kwa wakati mmoja."

Nikafikiri kidogo. "Kwa hiyo liko salama mpaka na sisi hatulipati."

Hakucheka. Yule kuku nilimlipia mimi, kwa pesa ambayo mama aliniwekea kwenye soksi siku naondoka nyumbani, "ya dharura". Mjomba aliipokea noti ile mikono miwili, akaitazama kama picha ya marehemu. Jasho la watu hakulitaja.

Babati hadi Dodoma: kioo chini

Kiyoyozi kikazimwa, muziki ukazimwa, vioo vikashushwa. Vilima vya Kondoa ni vizuri sana, mimi nimevila kwa njia ya vumbi. Kazi yangu ilikuwa kumsomea Mjomba kundi la simu la wateja wa kadi ile, na kwa kweli nilianza nikicheka nikaishia kunyamaza. Mmoja alikuwa Ufilipino kwenye foleni ya dukani na nepi za mtoto mkononi. Mama mmoja wa Naijeria alikuwa ametuma sauti ya maombi, ndefu, na katikati ya maombi aliitaja kampuni kwa jina na kuikabidhi kwa moto. Mkenya mmoja alikuwa hotelini Mombasa na mchumba, anauliza kama kuna anayejua kuosha vyombo vingi kwa haraka.

"Mpigie mama," nikasema. "Atume hata ya mafuta."

"Ukimpigia mama yako nakushusha hapa hapa."

"Kwa nini?"

Akapangusa vumbi kwenye usukani. "Mara ya kwanza nilimwambia kazi imenibana. Leo nimwambie kadi imekufa? Atasema natafuta sababu. Zuhura atasema hivyo hivyo. Bora nifike kwa miguu kuliko nifike na maelezo."

Hapo nikaacha utoto kwa muda wa kama kilomita mbili.

Kwenye kundi lile lile tukampata Mtanzania mwingine, Kelvin, yuko Dodoma, naye anahariri video. Hatukuwahi kumwona. Aliandika tu, "Njooni kwangu, msilale barabarani," na akatusubiri kwa pikipiki njia panda. Alikuwa na chumba na sebule, na mkewe Neema mwenye mimba iliyokwisha kukaa tayari kama mpira wa penalti. Pesa ya kujifungulia ilikuwa humo humo, kwenye salio lililo salama.

"Nilimwambia," Neema alisema akitupakulia ugali na mlenda, "kadi ambayo ofisi yake hujui iko wapi, siku ikikuudhi utaenda kumgombeza nani? Utaufokea mnara wa simu?"

"Neema, wageni wanakula," Kelvin akasema.

"Wale tu. Shemeji Shomari, vuta mlenda, hauhitaji kadi."

Mjomba ambaye Arusha alikuwa anauliza kama mchicha umeoshwa kwa maji ya chupa, aliuvuta mlenda ule hadi sahani ikang'aa kama kioo. Asubuhi Kelvin akatutilia mafuta kidogo kwa kilichobaki kwenye simu yake. Mjomba akaanza hotuba ya shukrani, Kelvin akamkata: "Nenda kaka, utachelewa. Mimi nikisoma kwenye kundi kwamba umefika nitapumua." Msiwe na wasiwasi juu yao. Majibu ya ukaguzi yalitoka baadaye, Kelvin akapata chake na Mjomba chake, na mtoto kazaliwa, wa kike, ana mapafu ya muadhini.

Dodoma hadi Dakawa: kuteremka bila injini

Mafuta ya Kelvin yalikuwa ya upendo lakini si ya kutosha. Mjomba akagundua mbinu: penye mteremko anazima injini, gari linateleza lenyewe. Msijaribu. Kwenye mteremko wa baada ya Gairo tulipitwa na mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa, akatupungia. Dumila tulisimama ninunue nyanya kwa pesa ya mwisho ya soksi, tukazila kama matofaa. Ilikuwa Alhamisi alasiri, taa ya mafuta imewaka tangu tuvuke daraja, na Mjomba alikuwa akilisemesha gari kwa jina la utani ambalo kumbe alikuwa anamwita mchumba wake wa zamani.

Likakohoa Dakawa, mbele ya mashine ya kukoboa mpunga. Likakohoa tena. Likanyamaza.

Mjomba hakusema mafuta yameisha. Alishuka, akafungua boneti, akainama akaanza kugusagusa vitu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na gari lililoharibika lina heshima kuliko gari lisilo na mafuta.

Dakawa: kosa la Mjomba

Mashine ile ilikuwa na pilikapilika: pumba zinaruka, vijana wanabeba viroba, na juu ya gunia katikati ya yote amekaa mama mmoja mkubwa, mweusi tii, kitenge kimefungwa kifuani, anaamrisha kama nahodha. Ndiye Mama Kulwa, mfanyabiashara wa mchele, mwenye lori la bluu lililokuwa linapakiwa pale. Nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako anatafuta nini mule ndani? Kapoteza hereni?"

"Ni mjomba wangu. Tunaenda harusini, Kinole."

Akanyanyuka. "Kinole? Nyie Waluguru?"

"Ndiyo."

"Eeh! Jamani, njooni muone!" Akawaita vijana wake. "Waluguru wameteremka kwenye ardhi tambarare! Ndiyo maana gari limewashinda, wamezoea kutembea upande upande, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi!"

Kumbe Msukuma. Basi nikajua tumepona, maana nyie mnajua mambo ya utani kati yetu na Wasukuma: wanatutukana tunawatukana, akikuta chako anachukua, na kukasirika ni mwiko.

"Sisi angalau tuna miguu," nikamjibu. "Nyie Wasukuma mna tumbo tu, miguu mmeazima kwa ng'ombe."

Alicheka mpaka gunia likatikisika. "Haka katoto kana mdomo! Mtani, umekula?" Na kabla sijajibu akalizunguka gari letu, akafungua mlango wa nyuma kwa haki yote ya mtani, akachomoa koti la suti ya Mjomba, akalivaa. Mikono iliingia, mgongo ukagoma, mshono ukasema *kra*. Akaanza kutembea mbele ya mashine ya mpunga kama mbunge, vijana wanapiga mbinja.

Mjomba akatoa kichwa kwenye boneti.

Sasa mfikirieni. Kadi imekufa, kuku kalipiwa na mtoto, mlenda, taa nyekundu, boneti ya uongo, na sasa koti la kwendea kumwoza mpwa wake liko kwenye mwili wa mtu asiyemjua. Alitakiwa aseme, "Mtani, hilo ni la marehemu, lina upele." Badala yake akapiga kelele kwa sauti halisi, yenye hasira halisi:

"Wewe mama, mwizi! Vua koti langu! Naita polisi!"

Mashine ilikuwa bado inanguruma lakini naapa nilisikia pumba zikitua chini. Vijana waliacha kupiga mbinja. Mama Kulwa akavua koti polepole, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya boneti. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la Jumapili.

"Amesema nini?" akauliza.

"Hajui, mtani, amekaa sana Arusha," nikasema haraka.

"Kaniita mwizi. Mtani. Mbele ya watu."

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri mpunga wake ukobolewe akatikisa kichwa. "Hilo lina faini. Zamani mtani akikasirikiwa hivyo alikuwa anamfunga aliyemkasirikia, anamrudisha kwao, wakamkomboe wenyewe."

Mjomba, akili zimeanza kumrudia, akajaribu njia yake. "Mama, samahani sana. Nitalipa faini. Nina dola, tena za kutosha."

"Ziko wapi?"

"Ziko… zipo mtandaoni. Zimehifadhiwa."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Zimeandikwa kwenye kompyuta nyingi duniani kwa pamoja."

"Na wewe hapo una nini?"

Mjomba akatoa kadi. Mama Kulwa akaipokea, akaigeuza, akawapitishia vijana wake, kila mmoja akaigeuza. Mmoja akajikunia nayo mgongo, akairudisha. "Inafaa," akasema.

"Kwao ni wapi?" Mama Kulwa akaniuliza mimi.

"Kinole. Na kesho ni harusi ya mpwa wake, na asipofika ndoa haipo. Ilishavunjika mara moja." Nikamweleza yote, palepale, mbele ya Mjomba: kadi, boneti, mafuta, Dada Zuhura. Mjomba alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama Kulwa akampima Mjomba kwa macho, kichwani hadi miguuni. Kisha akageukia lori lake. "Kesho alfajiri nashusha mchele Morogoro mjini, nikitoka hapo nilikuwa napandisha lori tupu huko huko milimani kufuata ndizi." Jicho lake likaanza kucheka kabla ya mdomo. "Leteni kamba. Huyu ni mateka wangu. Nampeleka kwao mwenyewe, wamkomboe kwa jogoo, na wasipokuwa na jogoo narudi naye awe anafukuza ndege shambani."

Mjomba akafungua mdomo abishe. Nikamkanyaga. "Nyamaza," nikamnong'oneza, "unapewa lifti." Kisha nikasema kwa sauti, "Mfunge vizuri, mtani, huyu ana tabia ya kutotokea!" Nikashika ncha ya kamba ya mkonge nikavuta kwa moyo wote. Kuna mambo mtu husubiri maisha yake yote na huwa hajui kwamba anasubiri.

Jioni ile mateka alifunguliwa mikono ili ale. Wali wa mchele mpya, ule unaonukia hadi kwa jirani, na kambale wa mfereji kwa nyanya na bamia. Mjomba aliongeza mara mbili. "Angalieni," Mama Kulwa alisema, "mateka wa nchi nyingine hukataa chakula."

Morogoro mjini: mateka sokoni

Kigari tulikiacha Dakawa pale mashineni, tukaondoka na lori alfajiri ya Ijumaa. Nilidhani tutapita tu. Mchele ulikuwa mwingi na wabebaji walikuwa wachache, wengine wamekwenda kwanza kunywa chai, na jua likawa linapanda huku mimi nahesabu viroba kwa macho na kuvichukia kimoja kimoja. Swala ya Ijumaa ndiyo ilikuwa kipimo chetu. Ndoa ingefungwa watu wakitoka msikitini.

Mjomba alikuwa amekaa juu ya lori, suti mwilini, koti likiwa na mpasuko mgongoni, mikono imefungwa. Wauza vitunguu wakakusanyika.

"Kafanya nini huyo?"

"Kamkasirikia mtani," Mama Kulwa akatangaza.

"Yaa! Na suti yote hiyo!"

Bibi mmoja aliyeteremka asubuhi ile kutoka Kinole, muuza mdalasini, akamtambua, akamtaja kwa jina la Bibi yetu. "Huyu si Shomari wa Mwanahija? Wanamsubiri kule juu! Wakwe wameshafika, wamekaa na viatu!"

Wamekaa na viatu. Mkwe asiyevua viatu hajaamua kukaa. Mjomba akaruka chini kutoka kwenye lori, mikono imefungwa vile vile, akainamisha bega. "Nipandishieni kiroba," akasema. Vijana wakatazamana, wakampandishia. Mtu wa kadi nyeusi, suti ya harusi, alibeba mchele hadi ghalani akarudi akasema, "Kingine." Wauza vitunguu wakapiga makofi, wawili watatu wakaona aibu wakaingia kazini, na mchele ukaisha kama umeliwa.

Kupanda Kinole

Bigwa tulipita, Kiroka tukapita, kisha barabara ikaanza kupinda kwenda juu na mvua ya usiku ilikuwa imeilainisha. Mwendo mfupi chini ya kijiji lori likagoma. Tairi zinazunguka, tope linaruka, dereva akatoa kichwa akasema yeye hapa ndiyo mwisho.

"Tunapanda kwa miguu," nikasema.

Mama Kulwa akautazama mlima, mlima ukamtazama. "Watu wanaishi huku?"

"Ndiyo, wale wa mguu mmoja mfupi. Karibu, mtani."

Alipanda vizuri mpaka kona ya kwanza. Kona ya pili akashika mgomba. Kona ya tatu akakaa chini kabisa, anahema, anasema tumwache afie hapo azikwe na ng'ombe wake. Chini bondeni adhana ya Ijumaa ilikuwa imeshatoka zamani. Mjomba angeweza kukimbia, njia aliijua, mikono tu ndiyo iliyofungwa.

"Shika kamba," akamwambia.

"Nini?"

"Shika ncha ya kamba, mama, kwa mikono miwili. Nakuvuta."

"Mateka gani anamvuta aliyemteka?"

"Kuniita mateka umeniita wewe. Na mimi nilikuita mwizi, nikakosa. Mtani wangu hatabaki njiani siku ya harusi yetu. Shika!"

Akashika. Mjomba akatanguliza kifua kama ng'ombe wa jembe, Mama Kulwa nyuma ananing'inia kwenye kamba, mimi nyuma kabisa nasukuma, na nawaambia ukweli, kumsukuma Msukuma mlimani ni somo la fizikia ambalo sitaki kulirudia.

Mlangoni

Tulitokeza uwanjani kwa Bibi wakati watu wametoka msikitini. Turubai limetandazwa, masufuria yanatoa moshi, na upande mmoja wakwe walikuwa wamesimama. Wote. Mzee wao alikuwa anajifunga skafu, uso umeelekea njia ya kuteremkia. Baba amesimama mbele yake mikono imekunjana. Mama alikuwa mlangoni, ametuona, lakini hakuelewa anachokiona: ndugu yake kwenye suti ya tope, amefungwa kamba, anavuta jimama lisilojulikana.

"Nimemleta!" Mama Kulwa akapiga kelele, pumzi ikiwa robo. "Huyu mjomba wenu kanikasirikia mimi mtani! Mkomboeni kwa jogoo au narudi naye!"

Uwanja ulilipuka. Wanawake walitupa miiko. Bibi, ambaye siku zote hutembea kwa fimbo, alikimbia kufukuza jogoo, watoto wakakimbia, jogoo akachungulia hali, akaruka ukuta akateremka bonde zima.

"Basi mfungue kwanza," Baba akasema.

"Bila jogoo? Hapana."

Mzee wa wakwe akamtazama Mjomba. "Wewe ndiye mjomba?"

"Ndiye mimi, mzee wangu. Shikamoo. Mara ya kwanza sikuja, ni kosa langu. Leo nimekuja."

"Marahaba," mzee akajibu, bila kukaa. "Naona umekuja. Sisi tunasubiri kusikia."

"Basi naingia hivi hivi," Mjomba akasema, na akaenda kwenye mlango wa chumba cha bi harusi akiwa kwenye kamba, Mama Kulwa ameshika ncha nyuma yake kwa sababu mateka haachwi. Mikono haikuwa ya kugongea. Akagonga kwa paji la uso, mara tatu.

Nilipenya kwapani mwa Mama nikaingia nao. Dada Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, hina hadi viwikoni, ushungi umemfunika, na kwa namna alivyoinama ilionekana wazi kwamba alikuwa ameshajipanga kwa habari mbaya. Mjomba akapiga magoti mbele yake.

"Zuhura, mwanangu. Mimi ni Shomari, ndugu wa mama yako. Kijana wao nimemsikia, watu wake nimewaona. Nimeridhia. Wewe umeridhia?"

Ushungi ukainuka. Dada akamwona Mjomba, akaona kamba, akafuata kamba ile kwa macho taratibu mpaka mwisho wake, alikokuwa amesimama Mama Kulwa, kitenge kimejaa tope, akimpungia.

Bi harusi wa kwetu hacheki. Analia kidogo, anaitikia kwa kichwa, ndiyo heshima. Dada Zuhura alicheka. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, akamshika Mjomba mikono ile ile iliyofungwa asianguke, na akasema katikati ya kicheko, kwa sauti iliyotoka hadi uwanjani, "Nimeridhia, Mjomba, nimeridhia!"

Nje kelele zote zilikatika. Nikachungulia mlangoni. Mzee wa wakwe alikuwa bado amesimama, ametega sikio. Kisha akafungua skafu, akainama, akavua viatu, kimoja, na kingine, akaviweka pembeni sawasawa, akakaa kwenye mkeka.